Homa Iliyofichwa Uwanjani

Kila Jumanne na Alhamisi, Kasi alitoka shuleni, akavua sare, akaosha vyombo na kumchotea mama yake ndoo mbili za maji. Kisha alifunga kamba za viatu na kutimua mbio hadi kiwanja kilichokuwa nyuma ya karakana ya seremala. Seremala mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha wa timu yao ya wasichana. Alifundisha nyusi zake zikiwa bado na vumbi la mbao.

Kasi alipewa jina hilo kwa sababu ya mbio zake. Rafiki yake, mlinda mlango, aliitwa Gundi, maana mpira ukigusa mikono yake haubanduki. Walikaa dawati moja na kunywa maji ya chupa moja.

Jumanne moja Kasi aliamka koo likimwasha, mwili mzima ukimuuma. Kufikia mchana alikuwa na homa. Lakini mechi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kocha alikuwa bado hajataja kikosi. Alifungua kabati la mama yake, akameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akaenda mazoezini.

Kocha aliuliza, kama kawaida yake, ikiwa kuna anayejisikia vibaya. Kasi alitazama viatu vyake. Siku hiyo walikimbia kwa kasi kutoka goli hadi goli mara kumi na mbili, wakihema kama mivukuto ya mhunzi, na kila walipopumzika chupa ilizunguka mikononi mwao.

Baada ya siku chache Kasi alipona. Jumapili ikawa zamu ya Gundi kuumwa. Alimnong'oneza Kasi kwamba amechoka hata kupanda ngazi za nyumbani kwao, na kwamba anafikiria kumweleza kocha.

"Ukimwambia atakuweka benchi," Kasi alimjibu. "Mimi nilimeza vidonge homa ikatulia. Nitakuletea."

Alimletea sita, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

Jumanne Gundi alifanya mazoezi yote. Alhamisi kocha aliongeza mbio, maana mechi ilikuwa imekaribia. Katika duru ya nane Gundi alipunguza mwendo, akashika kifua, akaanguka kifudifudi. Hakuwa amegongana na mtu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kocha alimbeba hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na Kasi akaingia nyuma bila kuambiwa.

Hospitalini, mama yake Gundi, ambaye alikuwa fundi cherehani, alifika na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Daktari alimuuliza kama mtoto alikuwa na homa siku za karibuni, na kama alitumia dawa yoyote. Mama alisema hapana. Mwanawe alikuwa mzima, alikula vizuri, hakulalamika.

Kasi alikuwa amesimama karibu na mlango. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemshuku. Alijua pia kwamba daktari alikuwa anaandika jambo lisilo la kweli.

"Amekuwa na homa tangu Jumapili," alisema. "Mimi nilimwambukiza. Vidonge nilimpa mimi, nikamwambia afiche."

Mama yake Gundi aligeuza uso ukutani. Daktari aliuliza vidonge vilikuwa vya aina gani na vingapi, akaandika upya, akaondoka haraka.

Kesho yake daktari aliwaeleza kwamba virusi vya mafua vilikuwa vimeshambulia misuli ya moyo, nayo ikavimba. Mbio kali zilizidisha mzigo, kwa sababu moyo ulikuwa tayari unapambana na ugonjwa. Vidonge navyo vilificha homa tu, havikuuondoa ugonjwa.

Mechi haikuchezwa. Gundi alilazwa siku kumi na saba. Kasi alimtembelea kila siku, lakini siku za mwanzo mama yake Gundi hakumsemesha. Siku ya tisa alimsogezea kiti.

"Hasira haijaniisha, mwanangu," alisema. "Lakini daktari ameniambia maneno yako yalimsaidia kujua pa kuanzia. Kaa."

Gundi aliruhusiwa kwenda nyumbani, lakini alikatazwa kukimbia kwa miezi sita. Hata baada ya hapo ingebidi moyo upimwe kwanza, na hakuna aliyemwahidi kwamba atadaka tena.

Mazoezi yaliporudi, kocha aliwaketisha wachezaji chini. Kila mmoja sasa alikuwa na chupa yake. Sauti ya kocha ilikuwa ya chini kuliko walivyozoea.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Niliwafanya muogope benchi kuliko ugonjwa. Mazoezi ya kadiri huujenga mwili wenye afya. Mwenye homa apumzike, na akipona aanze polepole. Anayeumwa akisema, tunamkosa wiki moja. Akinyamaza, tunaweza kumkosa maisha. Na anayemfundisha mwenzake kuficha, amemtia katika hatari asiyoweza kuilipia."

Hakumtazama Kasi aliposema hayo. Kasi aliinua mkono, akaeleza kwamba tangu asubuhi alikuwa anakohoa. Kocha alimshukuru, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Kasi alifungua kamba za viatu vyake na kuondoka, na hakuna aliyemcheka.