Msimamizi Aliyejibu Kabla ya Kusikia

Asubuhi ilimkuta msimamizi amechoka tayari. Alikunywa chai amesimama, simu sikioni, kiatu kimoja mguuni na kingine bado anakitafuta chini ya kiti. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni anatunga uzi kwenye sindano. Alimwambia jambo.

"Sawa," msimamizi akajibu.

Mume akacheka kidogo. "Nimekuuliza utarudi saa ngapi."

Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Msimamizi alifanya kazi katika kiwanda cha dobi. Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Kilikuwa na vyumba viwili vikubwa, kimoja cha kufulia na kingine cha kupigia pasi. Katikati palikuwa na korido nyembamba, na msimamizi alishinda humo, huku na huku, kutwa nzima. Wafanyakazi walimpa jina la Treni. Walisema treni hii haisimami vituo vidogo, ukitaka kupanda, kimbia nayo.

Basi walijifunza kukimbia nayo. Mwenye shida alimvizia kwenye korido, akasema shida yake haraka, naye akajibu "sawa" bila kupunguza mwendo. Ilikuwa njia rahisi ya kupata ruhusa. Hata mvivu aliyetaka kuondoka mapema alijua mahali pa kusimama. Wenyewe waliona wana bosi mwema, na bosi mwenyewe aliona anachapa kazi. Kumbe hakuna aliyekuwa anasikilizwa.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mpiga pasi hapohapo kiwandani. Mashine ya pasi ilikuwa na roli kubwa la moto, lililozunguka kama pipa. Shuka liliingizwa upande mmoja, likatoka upande wa pili limenyooka. Mbele ya roli palikuwa na kinga ya chuma. Kidole kikiigusa kinga, mashine inasimama yenyewe.

Asubuhi ile wifi alimfuata kwenye korido.

"Wifi, fundi wa mashine ametoa kinga. Anasema inafanya mashuka yakwame. Mimi naogopa."

Msimamizi alikuwa anazungumza na hospitali kwenye simu, na kichwani anawaza sabuni iliyokaribia kuisha.

"Sawa, wifi," akasema, akapita.

Kabla ya chakula cha mchana, chumba cha pasi kilipiga kelele. Wifi alikuwa ameshika kiganja chake cha kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimeungua. Walimpeleka kwenye bomba, wakaacha maji yatiririke juu ya vidole kwa muda mrefu.  Msimamizi akamgeukia fundi wa mashine kwa hasira.

"Nani amekuruhusu kutoa kinga?"

Fundi akainama. "Wewe. Nilikuomba jana, kwenye korido. Ukasema sawa."

"Na mimi nilikuambia leo," wifi akasema. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuambia naogopa."

 Msimamizi alitafuta kichwani, akakumbuka korido, akakumbuka simu. Maneno ya wifi hakuyakumbuka hata moja. Hilo ndilo lililomuumiza. Hakuwa amesahau, hakuwa amesikia kabisa.

Kwenye zahanati aliwapokea muuguzi mwenye mvi chache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikagua vidole pole pole.

"Vitapona," alisema. "Vitakunja na kunyooka kama zamani. Ila roli lingevuta kiganja, tungekuwa tunazungumza mengine." Kisha akamtazama msimamizi. "Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

"Sawa," msimamizi akasema.

Muuguzi akaweka bandeji mezani.

"Mama, mwili wako upo hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Msimamizi alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtoka. Alisema amechoka. Alisema usiku analala macho wazi anapanga kesho, na kesho ikifika anawaza kesho kutwa. Alisema watu wote wanamtaka kwa wakati mmoja. Wifi alimsikiliza huku anatazama ukuta.

Muuguzi alimaliza kufunga vidole kwanza. Kisha akavuta kiti.

"Sikiliza. Akili ya mtu hutangatanga, hilo ni la kawaida. Yako imezoea kutangatanga mpaka haijui tena njia ya kurudi. Inabidi uizoeze kurudi. Wengine huita kuwa makini na wakati uliopo. Mimi naita kuwepo."

"Naizoezaje? Sina hata nafasi ya kukaa chini."

"Sijakuambia ukae. Kazini kwako kuna milango?"

"Mingi."

"Basi kabla ya kufungua mlango, simama. Sikia miguu yako ilivyokanyaga sakafu. Vuta pumzi pole pole, itoe pole pole. Akili ikikimbilia kesho, usiigombeze. Irudishe kwenye pumzi. Ikikimbia tena, irudishe tena. Ndiyo mazoezi yenyewe hayo. Kisha fungua mlango."

"Ni hilo tu?"

"La pili ni gumu zaidi. Mtu akikuambia jambo, simama. Weka simu chini. Mtazame, msikilize hadi mwisho. Kabla ya kujibu, rudia alichosema, ili wote wawili mjue umesikia."

"Nikifanya hivyo kazi itachelewa."

Muuguzi akaonyesha bandeji kwa kidevu. "Na hii imeiwahisha?"

Wakati wanatoka akamwita tena. "Na jingine, mama. Huu si uganga. Kama kazi ni ya watu wawili, pumzi haitaigeuza iwe ya mmoja. Omba msaidizi. Na usingizi ukiendelea kukukataa, au moyo ukiwa mzito kila siku, rudi hapa tuzungumze. Usijikaze."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Wifi alihamia kwao kwa muda ili asaidiwe kupika na kufua. Alikuwa mpole, alisema asante, ila hakuzungumza zaidi ya hapo. Mume alikaa katikati ya mkewe na dada yake, na kukaa katikati kunachosha.

"Akipona atarudi kwenye mashine ileile," alimwambia mkewe. "Mimi sikulaumu, mke wangu. Nauliza tu. Siku akisema tena anaogopa, nani atamsikia?"

Msimamizi hakusema sawa.  Alijua ahadi ya mdomo haitamtuliza mtu.

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa kichekesho. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kufulia, akavuta pumzi, akaanza kuhesabu mifuko ya sabuni. Akairudisha akili. Ikaenda hospitali. Akairudisha. Ikaenda kwa wifi, ikakaa huko. Nyuma yake wafuaji wawili walisimama na kikapu cha mashuka.

"Treni imeharibika?" mmoja akanong'ona.

"Nimewasikia," msimamizi akasema, bila kugeuka. Kisha akatabasamu, maana ni kweli alikuwa amewasikia.

Siku nyingine alisahau kabisa. Alitembea mbio mpaka jioni, akafika nyumbani kichwa kinamwanga. Alitaka kuacha. Halafu akamtazama wifi akijaribu kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono wa kushoto, na kesho yake akasimama tena mlangoni.

Pole pole akabadilisha na kazi yenyewe. Kinga ilirudishwa siku ileile ya ajali, na sasa akaweka sheria kwamba hakuna kuitoa mashine ikiwa inafanya kazi, hata aseme nani. Akakataza ruhusa za kwenye korido. Mwenye shida ya mashine alimwita aje mbele ya mashine yenyewe, akaonyesha kwa mkono. Simu aliiacha mezani mtu anapozungumza naye. Alimwomba mwenye kiwanda msaidizi. Mwenye kiwanda aliguna, akazungusha macho, mwishowe akakubali mfuaji mmoja mzoefu awe anapokea simu za wateja.

Uchovu haukuondoka. Mashuka yalikuwa yaleyale, na miguu ilivimba vilevile jioni. Ila sasa alichoka kwa kazi aliyoifanya, na si kwa kazi zote za dunia alizokuwa akibeba kichwani. Usiku alianza kupata usingizi, mara nyingine mzuri, mara nyingine wa kuiba.

Vidole vya wifi vikapona. Akarudi kazini. Alivaa aproni, akasimama mbele ya roli, akakaa hapo kidogo bila kugusa kitu. Halafu akaanza.

Siku hiyo ilikuwa mbaya. Hospitali ilihitaji mashuka kabla ya jioni. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kutazama saa. Msimamizi alikuwa anavuka chumba cha pasi kwa haraka wifi alipoinua mkono.

Miguu ya msimamizi ilitaka kupita, nayo ilikuwa imezoea kupita. Akaisimamisha. Akaisikia juu ya sakafu ya moto, akavuta pumzi, akaitoa.

"Nakusikiliza," akasema.

"Kinga inacheza," wifi akasema. "Upande wa kushoto. Nikiibonyeza inachelewa kusimamisha mashine. Labda ni kitu kidogo."

"Unasema kinga inacheza kushoto, na mashine haisimami upesi."

"Ndiyo."

"Zima."

Roli likanyamaza. Mwenye kiwanda akaja mbio. Alisema hospitali haiwezi kungoja, alisema kinga inaweza kutengenezwa jioni, alisema mengi na kwa sauti. Msimamizi alimsikiliza naye hadi mwisho.

"Unasema tutachelewa," akamjibu. "Ni kweli, tutachelewa. Msaidizi atawapigia hospitali sasa hivi. Mashine haiwashwi."

Fundi akafungua kifuniko. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, ya tatu haikuwepo kabisa. Akaionyesha nafasi yake tupu. Mwenye kiwanda akaitazama, akatazama vidole vya wifi, akatoka nje.

Fundi alipomaliza, msimamizi alimwambia wifi aijaribu kinga mwenyewe. Wifi akaibonyeza kushoto, akaibonyeza kulia. Kila mara mashine ilisimama papo hapo. Mashuka yalichelewa. Hospitali ililalamika, kisha ikayapokea.

Jioni walibaki wawili chumbani, mgongo unamuuma kila mmoja. Palikuwa na shuka moja la mwisho.

"Nilikuwa nimepanga kuacha kazi kesho," wifi akasema. "Kaka nilimficha. Nilitaka kwanza nione leo utanijibu nini."

Msimamizi alimngoja amalize.

"Basi," wifi akasema, akamrushia ncha ya shuka. "Shika upande huo, tukunje."