Usipunguze Hata Neno

Milango ya ukumbi wa sinema ilifunguka, watu wakamwagika nje kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Sebule ya mapokezi ikajaa harufu ya bisi, makelele, na watoto waliokuwa wakirushiana ngumi za hewani. Katikati ya mkondo huo alisimama binti wa gauni la bluu na raba nyeupe, kinasa sauti mkononi. Kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya watazamaji kwenye maonyesho ya majaribio, filamu inapoonjeshwa watu kabla ya kutoka.

"Kaka, dakika moja tu. Maswali matatu, kisha nakuachia uende kwako."

Aliyesimamishwa alikuwa wa mwisho kutoka. Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, shati halijui pasi. Binti hakujua, na angejuaje, kwamba huyu ndiye mwongozaji wa filamu yenyewe. Waongozaji hawabandikwi ukutani. Hubandikwa shujaa na joho lake. Alikuwa amejipenyeza kwenye kiti cha nyuma asikie watu wanacheka wapi. Walikuwa wamecheka pasipostahili.

"Uliza."

"Umeona nini? Umechoka wapi? Ungerudi kuiona?"

Angeweza kupita zake. Lakini mwaka mzima alikuwa akimeza maneno mbele ya mtayarishaji wake, na koo lina kikomo chake.

"Nimeona kijana anaangukiwa na ghorofa, anainuka, anapangusa vumbi begani kama mtu aliyetoka kinyozi. Hapohapo nikachoka. Mama yangu akijikata kwa kisu cha vitunguu namwonea uchungu kuliko huyu. Mtu asiyeumia awe jasiri wa nini? Jiwe nalo haliumii, mbona halina bango?"

Binti alicheka mpaka kinasa sauti kikatikisika. "Wewe kaka wewe! Na ungerudi?"

"Kwenye filamu, hapana."

"Kwani kuna pengine?"

"Hapo uliposimama."

"Mh! Umeyatoa wapi hayo? Unafanya kazi gani?"

Ulimi ukamteleza. "Fundi umeme."

"Basi Fundi, maoni yako yatafika kama yalivyo."

"Yafike. Usipunguze hata neno."

Mapenzi yao yalishika moto upesi. Simu asubuhi, simu adhuhuri. Siku moja binti alimwita kwake amtazamie soketi ya jikoni iliyokuwa ikitoa cheche. Mwanamume alikuja na bisibisi mpya, bei bado imebandikwa mpinini. Alipoigusa tu soketi akarukia upande wa pili wa jiko.

"Fundi gani anapiga saluti kwa soketi?" binti aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Hii imefungwa na adui."

"Njoo unywe maji, laazizi, adui asije akakumalizia."

Siku hiyo walibishana kuhusu filamu za mashujaa, magoti yao yakigusana chini ya meza ndogo.

"Mimi nazipenda," binti alisema. "Usinitazame hivyo. Wiki nzima mwenye nyumba ananikaripia, bosi ananikaripia. Nikikaa pale gizani namwona mtu mmoja anayeweza kumnyanyua mwonevu kwa kola. Mnaozicheka hamjawahi kuonewa."

"Sizicheki. Nataka tu, kabla ya kumnyanyua, mkono umtetemeke."

Binti alimjazia maji. "Wewe ungetengeneza filamu wewe, si nyaya."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mwanamume akanywa maji.

Jioni moja simu iliita, binti sauti juu. "Mpenzi, kesho nawasikilizisha wakubwa wa ile filamu maoni ya watu. Unadhani nitaanza na nani?"

Mwanamume aliisogeza simu mbali na sikio.

"Haloo? Fundi?"

"Nipo. Kipenzi, si uniache tu? Mimi nani? Mtu wa soketi."

"Ndiyo maana naanza na wewe."

"Nakuomba."

"Unaniomba nisilolifanya hata kwa mama mzazi. Mtu akinipa neno lake, ni amana."

Mwanamume alifumbua mdomo aseme kweli. Ukatoka upepo, kisha, "Haya. Kazi njema."

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu ya kioo na baridi ya kiyoyozi. Mwishoni alikaa mtayarishaji, mama wa makamo mwenye suti ya kijivu na bangili nzito zilizolia kila aliposogeza mkono. Mgongoni walimwita Chuma. Alijua, na alipenda. Ni yeye aliyekiondoa kipande ambacho mwongozaji alikipenda kuliko filamu nzima: shujaa amekwama ndani ya lifti, mkono umevunjika, anampigia mama yake simu akilia. "Shujaa halii," alikuwa amesema, na mwongozaji alikuwa amejibu, "Sawa, bosi." Sasa Chuma alikuwa ameapa kwamba maoni yakiwa mabaya, filamu ataikabidhi mikono mingine.

Binti aliingia kwa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, nywele zimekazwa nyuma. Akasalimia. Macho yakatua upande wa pili wa meza: kidevu kimenyolewa, koti limepigwa pasi, soketi hana habari nayo.

"Huyu ndiye mwongozaji wetu," Chuma alisema. "Endelea, mwanangu."

Kidole cha binti kilikuwa tayari juu ya kitufe. Angeweza kuruka hadi sauti ya pili, hakuna ambaye angejua. Mwongozaji akatikisa kichwa, kidogo sana. Kama si kule kutikisa, huenda angemhurumia.

Akabonyeza huku akimtazama machoni.

Sauti ikajaa chumba. Ghorofa, kinyozi, kisu cha vitunguu. Bangili zikanyamaza.

"Rudisha," Chuma aliamuru.

*Jiwe nalo haliumii, mbona halina bango?*

"Sauti hii naijua. Imeniambia 'sawa, bosi' mwaka mzima."

Mwongozaji akasimama, vidole vimeegemea kioo. "Ni yangu."

"Yaani ulimi ulikuwa nao, ukaenda kuutumia mlangoni?" Chuma hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Kirudishe hicho kipande chako cha lifti. Tutawaonyesha watu wengine, palepale. Wakikikataa, filamu ina mwenyewe mwingine, na jina lako nalitoa. Sasa nipisheni."

Walikutana kwenye korido, kati ya mashine ya maji na ngazi.

"Uliniona nikitikisa kichwa," mwanamume alisema.

"Nilikuona. Nikaelewa kwa nini fundi wa kughushi alinipigia simu asubuhi na adhuhuri. Ulikuwa unanipenda mimi au unakilinda kinasa sauti?"

"Nawe ulinitazama machoni ukabonyeza! Kazi yangu yote ilikuwa chini ya kidole chako."

"Na kazi yangu je? Nikifuta sauti moja kwa ajili ya mapenzi, nani ataziamini zilizobaki?" Akageukia ngazi. "Usinitafute."

"Siku ya onyesho la pili, mlangoni atasimama nani?"

"Mimi. Usiwe na hofu wala matumaini. Nitapeleka watakachosema."

Visigino vyake vikashuka ngazi.

Mwongozaji alijifungia chumba cha kuhariri, akikirudisha kipande cha lifti pande kwa pande. Simu alimpigia binti, haikupokelewa. Mama yake alimletea chakula, akakaa kwenye kiti cha pili bila kukaribishwa.

"Umekonda. Ni filamu au ni mtu?"

"Vyote, mama."

Alipomaliza kusimulia, mama alijishika kiuno. "Fundi umeme! Wewe! Wewe uliyeunguza fyuzi kwa birika la chai, ukanilaza gizani?"

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kumwambia."

"Nafasi si kiatu kilichoingia chini ya kitanda, mwanangu. Ulikuwa unaogopa. Sema hivyo." Akageukia kioo cha kompyuta, ambako shujaa alikuwa akilia ndani ya lifti. "Huyu afadhali. Angalau anamkumbuka mama yake."

Huko kwake, binti alikuwa akisafisha kinasa sauti kwa ajili ya kazi mpya. Akaisikiliza sauti ile mara moja tu, alijiambia, kisha aifunge kabisa. Safari hii hakuikata pale ilipokatiwa mkutanoni. Akakisikia kicheko chake mwenyewe, akasikia *hapo uliposimama*, na mwishoni kabisa: *Yafike. Usipunguze hata neno.*

Alilipima neno hilo. Mtu anayekuchumbia ili aifiche sauti yake haanzi kwa kukusihi uifikishe. Basi hofu ilikuja baadaye, ilikuja pamoja na mapenzi. Uongo ulibaki uongo. Lakini sasa ulikuwa na sura. Alishika simu, akaitazama, akairudisha mezani. Siku ya onyesho ilikuwa karibu, na yeye ndiye wa kusimama mlangoni.

Ukumbi ukajaa tena. Mwongozaji alikaa kiti cha nyuma, bila kofia. Kilipofika kipande cha lifti, taa ya dharura ikimulika uso wa shujaa uliojaa kamasi, sauti ilisikika gizani: "Mama, usikate. Ongea tu. Ongea chochote." Hakuna aliyetafuna bisi. Mmoja alicheka, akanyamazishwa na safu nzima.

Nje ndipo moto ulipowaka.

"Mimi nimekuja kuona mtu anaruka!" jamaa mwenye mabega mapana alikifokea kinasa sauti. "Wa kulia ninao tele nyumbani!"

"Huna haya?" mama mmoja mwenye mtoto begani akamvaa. "Wewe ukivunjika mkono utampigia nani, joho?"

"Shujaa ni shujaa, dada!"

"Ndiyo huyo sasa. Ameogopa na bado ametoka kwenye lifti."

"Kimerefuka kidogo," mwalimu mmoja alichomeka, "lakini nilisahau kupumua."

Wakazidi kumzonga binti, kila mtu na lake. Hakumkatiza yeyote.

Chuma, aliyekuwa ameegemea nguzo karibu na kibanda cha bisi, akamfuata mwongozaji ukutani.

"Nusu yao hawakitaki."

"Nimesikia, bosi. Na bado nakitaka. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ulipokiondoa."

Bangili zikalia. "Mara ya kwanza walitoka wakiulizana wameegesha gari wapi. Leo wanataka kupigana mlangoni kwangu. Filamu ni yako. Kipunguze kidogo tu, yule mwalimu ana haki." Alikwisha geuka aliposema, "Na usiniambie tena 'sawa, bosi'."

Sebule ikapwaya. Mfagiaji alianza kukusanya vikombe. Akabaki mtazamaji mmoja, na binti wa gauni la bluu.

"Kaka, dakika moja." Sauti yake ilikuwa ya kazi, lakini kinasa sauti alikishika kwa mikono miwili. "Maswali matatu. Umeona nini?"

"Nimeona mwanamke aliyekataa kunisaidia kudanganya. Nilimkasirikia. Alikuwa sahihi."

"Umechoka wapi?"

"Kuwa fundi umeme."

Binti aliuma mdomo, kicheko kisimtoroke. "Soketi yangu nayo imekuchoka. Ungerudi?"

"Ningerudi na mama yangu. Si kwako, kwenu. Nikae mbele ya baba yako, niseme kazi ninayofanya, uongo niliokuambia, kisha nilete posa."

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka kati yao.

"Unajua unarekodiwa? Baba ataisikia hii."

"Aisikie."

"Unaogopa?"

"Tazama." Alimwonyesha mkono, ulikuwa ukitetemeka.

"Vizuri," binti alisema. "Usingeogopa, ningekukatalia."

Akakizima kinasa sauti, akaushika mkono ule kabla haujatulia.