Ada ya Kontena Hailipwi na Dereva

Kila alfajiri Rigoberto Menjívar aliwasha lori la bosi wake mbele ya nyumba. Lori lilitoa moshi mweusi, na Itzel, binti yake wa miaka sita, akaanza kukohoa. Mama yake, Marisela, alikurupuka akamshikia dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni. Kisha alifuta dirisha kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilitoka cheusi tii. Mtaa wao wa Wilmington unapakana na bandari, na malori hupita hapo mchana kutwa. Daktari alikwishasema wazi, mtoto huyu atolewe kwenye moshi. Atolewe apelekwe wapi? Hilo daktari hakusema.

Jumamosi moja Rigoberto alirudi amenuna. Aliitupa karatasi mezani, kando ya sahani ya maharage.

"Bandari inatumaliza," alisema. "Wameweka ada kwa kila kontena lenye mzigo. Dola ishirini kwa kontena refu. Bosi anatukata kila safari, miezi saba sasa. Sasa katuletea karatasi tusaini, ada ifutwe."

"Umesaini?"

"Kalamu iliisha wino. Nitasaini Jumatatu."

"Ada yenyewe ya nini?"

"Eti hewa safi. Hao watu wa hewa safi, wao wanakula hewa?"

Wakati huo jirani yao, Chenda Prum, aliingia kurudisha sufuria. Chenda ni karani wa forodha. Kazi yake ni kushughulikia karatasi za mizigo inayoshuka melini. Aliiona ile karatasi, akaisoma, akaiweka sufuria chini.

"Shemeji, nani kakwambia ada hii unalipa wewe?"

"Bosi."

"Bosi wako muongo. Ada hii inalipwa na mwenye mzigo. Mwenye viatu, mwenye televisheni. Mimi huwalipia kila siku kwenye kompyuta. Isipolipwa, kontena halitoki. Wewe umewahi kuzuiwa getini ukaambiwa unadaiwa ada?"

"Sijawahi."

"Basi ilikuwa imeshalipwa. Hicho anachokukata anatia mfukoni mwake."

Hasira zilimpanda Marisela. Miezi saba mtu anakula jasho la mumewe, tena kwa jina la hewa safi.

"Na pesa ya bandari inakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwenye mfuko wa kusaidia watu wanunue malori yasiyo na moshi. Tena kontena likibebwa na lori la umeme, mwenye mzigo halipi ada hiyo. Ndiyo maana wenye mizigo wataanza kuyatafuta malori hayo. Na ninyi mnaambiwa msaini ada ifutwe."

Rigoberto aliichukua karatasi akaikunja. "Nimechezewa shere," alisema. "Kama si wino kuisha, ningesaini mwanangu aendelee kuvuta moshi."

"Tunza hati zako zote za malipo," Chenda alimwambia. "Ofisi ya kazi ya serikali husikiliza malalamiko ya madereva bure."

Jumatatu Marisela alifuatana na mumewe mpaka yadi ya malori. Madereva walikuwa wamepanga foleni kusaini. Alisimama mbele ya bosi akiwa na hati za makato mkononi.

"Nionyeshe risiti ya bandari yenye jina la mume wangu," alisema. "Moja tu."

Bosi alicheka. "Mama, mambo haya ni mazito. Rudi jikoni kwako."

"Jikoni ndiko anakolala mwanangu. Chumba chake kimejaa moshi wa malori yako. Nataka risiti."

Risiti haikuwepo. Bosi aligeukia madereva, akacheka tena, lakini hakuna aliyemuunga mkono. Wa kwanza kwenye foleni aliirudisha kalamu mezani. Wa pili akauliza na yeye risiti zake ziko wapi. Wiki hiyohiyo madereva thelathini na mmoja walipeleka hati zao ofisi ya kazi.

Shauri lilichukua karibu mwaka. Bosi aliamriwa kurudisha kila alichokata. Rigoberto hakumsubiri. Alihamia kampuni iliyonunua malori ya umeme kwa msaada wa ule mfuko. Lori huchajiwa yadi, na jioni hurudi nalo nyumbani.

Asubuhi ya kwanza ya lori hilo, Itzel alitoka chumbani kwake, si jikoni. Alikuwa amenuna.

"Baba kaondoka bila kuniaga."

"Kakuaga. Kakubusu umelala."

"Mbona sijasikia lori?"

"Hili la umeme halingurumi," Marisela alisema. Mtoto alikuwa amelala mpaka jua limepanda, bila kikohozi. Alichukua kitambaa cheupe akafuta dirisha. Kilitoka na masizi bado. Nje lilikuwa linapita lori la mtu mwingine, na moshi wake mweusi ukielekea chumbani kwa mtoto.

"Bado hao wengine," alisema, akafunga dirisha kwa nguvu.