Toleo Jipya la Ramani ya Masanze

Jumamosi asubuhi Doris alimaliza kuosha vyombo, akaenda shuleni kwenye klabu ya kompyuta. Yeye na Shimba, mtoto wa wafugaji, walikuwa wamechora ramani ya mashamba ya kijiji chao cha Masanze na njia za ng'ombe kwenda mtoni. Jumatatu wazee wangeitazama ili wakubaliane mifugo ipite wapi.

Ramani ilitumia programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Mara kwa mara walitoa toleo jipya, na yale ya zamani sana wakaacha kuyarekebisha. Siku hiyo tangazo lilitokea kwenye kioo cha kompyuta: toleo la klabu lingeachwa mwisho wa mwaka.

"Tuweke jipya sasa hivi," alisema Doris.

"Mwalimu Raheli alisema tusome maelekezo kwanza," Shimba alimkumbusha.

"Ni marefu mno."

Doris akabonyeza. Alipoifungua tena ramani, kioo kilikuwa cheupe. Hapakuwa na shamba wala njia.

"Tuseme umeme ulikatika," Shimba alinong'ona.

Doris alitamani kukubali. Lakini aliwawazia wazee wakitazama kioo kitupu, akatoka mbio hadi nyumbani kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nimeharibu ramani. Niliweka toleo jipya bila kusoma."

Mwalimu Raheli akafuatana naye. Shuleni alimwambia Doris asome maelekezo kwa sauti. Yalisema toleo la zamani sana lisirukie la mwisho. Lipitie kwanza la katikati, na nakala ya kazi iwekwe kando.

"Nakala niliiweka jana," alisema mwalimu. "Ila kazi mtaifanya wenyewe."

Wakaanza upya kutoka kwenye nakala, wakifuata maelekezo mstari kwa mstari. Kwanza yalirudi mashamba, kisha njia. Shimba akacheka kwa furaha.

Jumatatu, mzee Ngeleja, baba yake Shimba, alionyesha kwa kidole njia aliyoitaka.

"Hapo sawa," alisema mama Devota, mkulima. "Mahindi yangu yako ng'ambo ya mto."

Wakakubaliana bila ugomvi.

Wazee walipoondoka, mwalimu aliwaambia watoto, "Toleo la zamani haliwezi kutunzwa milele. Ndiyo maana wanatangaza mapema, tupate muda wa kusoma. Na ukikosea, fanya kama Doris: sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Doris akatabasamu, akamsogezea Shimba kiti, wakaanza kuchora njia waliyoelekezwa na wazee.