Mlango wa Dada Tabasamu

Kila alipotoka shule, msichana yule alivua viatu nje, akavishika mkononi, kisha akaingia chumbani kwao kwa kunyata kama mwizi. Bawaba za mlango zilipakwa mafuta ya kupikia zisilie. Sufuria zilikaa juu ya matambara. Hata kikohozi kikimbana, alikimbilia uani kukohoa huko.

Sababu ilikuwa kazi ya mama yake. Mama alikaa nyuma ya pazia na kompyuta, hedifoni masikioni, akijibu simu na ujumbe wa watu waliobashiri matokeo ya mechi katika mtandao wa kampuni moja ya ng'ambo. Wateja waliambiwa kwamba anayewajibu anaitwa Dada Tabasamu, na kwamba ameketi katika ofisi kubwa ghorofani. Sasa ofisi kubwa haiwezi kusikika ndani yake mtoto akiosha vijiko. Basi mtoto aliosha vijiko kimoja kimoja, kama anayeosha mayai.

Kimya kile kilimwingia hadi akawa anatoka nacho nje. Darasani alijibu maswali kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akawa anamwinamia, na wenzake wakambandika jina la Mnong'ono. "Mleteeni kipaza sauti," walisema kila alipoinuka. Aliyemtetea alikuwa mmoja tu, jirani yake wa dawati, ambaye naye aliitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukujua kulala. Redio akikupa siri, darasa la jirani wanaisikia. Alisema kwa niaba ya wawili, na Mnong'ono akacheka kwa niaba ya wawili.

Muhula huu Redio hakurudi. Ilisemekana amepelekwa kwa shangazi yake, mji mwingine, kwa kuwa baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, mambo yamemwendea kombo. Zaidi ya hapo Mnong'ono hakuelezwa kitu, naye hakuwa na sauti ya kuuliza. Alibaki na dawati la watu wawili. Alikaa upande wake, akauacha wa Redio wazi, na mtu akitupa mkoba pale, aliutazama mkoba ule mpaka mwenyewe akaona haya na kuuondoa.

Nyumbani pia hakukuwa na wa kuzungumza naye. Kwa hiyo mama alipotoka kuchota maji au kuinjika chakula uani na kumwachia kiti, Mnong'ono alifurahi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Majibu yalikuwa tayari kwenye kioo, kila jibu na kitufe chake. Mteja akilalamika kwamba pesa aliyoshinda haijafika, unabonyeza: "Ombi lako linashughulikiwa." Akilalamika tena, unabonyeza: "Weka dau moja zaidi ili kufungua malipo yako." Siku moja alimwuliza mama kama malipo hayo hufunguka kweli.

Mama alivua hedifoni. "Madogo hufunguka," alisema. "Makubwa sijayaona. Lakini si sisi tunaofunga, mwanangu. Sisi tunabonyeza tu."

Wateja walionekana kwa namba, bila majina. Wote walikuwa wamejiunga kwa kadi za mwaliko ambazo mama alizigawa sokoni na mitaani, maana kampuni ilimtaka kila mtumishi ajitafutie watu wake wa kuwahudumia. Mmoja wao hakuchoka kuandika. Alianza kwa kudai malipo yake, akaishia kupiga soga. "Dada Tabasamu, umeshindaje?" aliandika. "Huku kwangu nyumba imepoa. Nakula nikiwa nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu siwezi."

Mnong'ono aliyarudia maneno hayo. Naye alikula hivyo hivyo. Hakukuwa na kitufe cha habari kama hiyo, akabonyeza kilichokuwa karibu: "Asante kwa kuwa mteja wetu." Kesho yake alijuta, akaandika kwa vidole vyake mwenyewe: "Pole. Na mimi niko peke yangu." Toka hapo, akitoka shule, alitembea haraka.

Kisha ikatangazwa kwamba serikali itaifunga mitandao yote ya kubashiri ya kampuni za ng'ambo zisizo na leseni, na kwamba mwisho ni Jumamosi. Dukani watu walibishana. Kinyozi alisema serikali inawaonea watu wivu kwa bahati yao. Mwenye duka alisema inatafuta kodi tu, isijifanye inahurumia watoto. Kwa mama ilikuja amri kutoka kwa wakubwa wake, pamoja na kitufe kipya chekundu: "Weka dau leo, upate malipo yako yote kabla hatujafungiwa."

Jioni ya Ijumaa mama alikuwa uani akifua. Yule mteja akaandika kwamba amepata mtu wa kununua mashine yake ya kuchomelea, na anakuja kuichukua muda si mrefu. Pesa yote ataiweka ili malipo yafunguke. "Niambie kweli, dada. Yakifunguka, kesho namfuata mwanangu kwa shangazi yake. Tangu aondoke mtaa mzima umenyamaza. Unajua tunamwitaje? Redio."

Mnong'ono aliuondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyegusa jiko. Kumbe ni yeye. Mara ngapi alimbonyezea mtu huyu aweke dau moja zaidi, na kila alipobonyeza, akamsukuma Redio mbali zaidi na lile dawati. Akaandika upesi: "Usiuze. Malipo hayatoki." Ujumbe haukwenda. Kioo kilimjibu kwamba maneno hayo yamezuiwa na msimamizi. Alijaribu kwa maneno mengine, yakazuiwa pia. Kitufe chekundu tu ndicho kilichobaki kinawaka.

Alitoka mbio bila viatu, akampita mama na beseni lake.

Karakanani mnunuzi alikuwa amekwisha kuifunga mashine kwa kamba juu ya mkokoteni. Baba yake Redio alikuwa akimalizia dirisha la mwisho kwa grenda, ile mashine ya kukatia chuma, cheche zikiruka na kelele ikichoma masikio.

"Baba," alisema Mnong'ono. "Baba, usiuze."

Mnunuzi alimtazama midomo. "Katoto kanasema nini haka?"

Alisema tena, na grenda ikameza maneno yake yote. Aliitafuta sauti yake kama mtu anayetafuta ufunguo chini kabisa ya mkoba. Kisha akaipata, ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia.

"Dada Tabasamu ni mimi!"

Grenda ikazimwa. Fundi alivua miwani yake. Jina lile hakuwahi kumtajia mtu. Mnong'ono alieleza kila kitu, vitufe, chumba, pazia, na kwa kuwa hakujua namna ya kuipunguza sauti ile, hata kinyozi alitoka nje kusikiliza. Alingoja kibao. Fundi alikaa juu ya geti lisilokwisha.

"Na yule aliyeniambia na yeye yuko peke yake?" aliuliza.

"Ni mimi pia."

"Basi hilo ndilo neno la kweli pekee nililoambiwa mle." Akamgeukia mnunuzi, akamwomba radhi, akamwambia afungue kamba.

Jumamosi kioo cha kompyuta kiligeuka cheupe, na mshahara wa mama ambao kampuni ilikuwa ikimzungusha ukapotea nacho. Mama alimshika binti yake mkono, wakaenda karakanani kuomba msamaha. Aliomba kwa machozi, asifiche kwamba kadi ya mwaliko ilitoka kwake. Lakini uchungu nao ukamponyoka: serikali haina huruma na mtu, inataka kodi yake tu, na sasa yeye amebaki mikono mitupu.

"Kodi inaitaka, mama, wala haikuficha," alisema fundi. "Hata mimi nalipia leseni ya banda hili. Lakini nikuulize, mshahara wako utaudai wapi?"

Mama alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mimi nilikwenda kuwashtaki. Karani akaniuliza ofisi yao iko wapi, nikamwonyesha simu. Akacheka, akasema polisi hawawezi kubisha hodi kwenye simu. Mwenye bucha geti lake likilegea, anakuja hapa ananisema mpaka nalitengeneza. Ana haki, mlango wangu anaujua. Wale hawana mlango. Wanachukua kwetu, hawalipi kwetu, hawaulizi anayecheza ni mtu mzima au mtoto. Serikali imewafunga kwa ajili ya mfuko wake, sawa, na pia kwa ajili ya watu kama mimi na wewe. Sababu moja haiifuti nyingine."

Kisha akamwinamia Mnong'ono, ingawa haikuhitajika tena kumwinamia ili kumsikia. "Kosa langu ni langu. Nilikuwa na kazi ya mikono, nikataka njia ya mkato. Lako ni hili, mwanangu. Usimpe mtu jibu usilojua kama ni la kweli, hata kama umeandikiwa na mwingine. Aliyeliandika hatumjui. Aliyebonyeza ni wewe. Na ulipoujua ukweli, ukaja nao kwa miguu yako. Hilo nitalikumbuka zaidi."

Redio angerudi baba yake akishamaliza mageti mawili na kulipwa, na hiyo maana yake ni muhula ujao. Mama alitoa cherehani yake ya zamani chini ya kitanda. Ilipiga kelele kama treni, na vijiko vikaoshwa vyote kwa pamoja. Hata hivyo nusu ya dawati ilibaki tupu, na Mnong'ono aliendelea kuilinda.

Jioni moja fundi alimwita karakanani, akampa simu. "Zungumza naye."

"Haloo?" alisema Mnong'ono.

"Nani huyu?" Redio aliuliza, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. "Sauti siitambui."

"Ni mimi, Mnong'ono."

"Mwongo wee. Mnong'ono hasikikagi."

Mnong'ono alivuta pumzi, akarudia jina lake tena, safari hii kwa nguvu.