Uzi wa Bluu

Haya yalimpata rafiki yangu Melania wa Kasingirima, na aliponisimulia hakutaka tuzime taa.

Mumewe Nehemia alizama ziwani, mwili haukuonekana. Wazee wakazika mgomba badala yake, umevishwa koti alilokuwa ameliacha nyumbani. Melania mwenyewe akaishona sanda kwa uzi wa bluu, maana mweupe ulikwisha. Hakuna aliyekumbuka kupekua mifuko ya koti, na simu ya marehemu ilikuwamo.

Siku ya nne baada ya mazishi akaenda kwa fundi simu pale Ujiji, apate picha ya mumewe ya kuweka ukutani. Picha za Nehemia zilikuwa zinajihifadhi mtandaoni zenyewe, na nywila Melania aliijua.

Fundi akafungua kompyuta, akasita.

"Mama, simu yake anayo nani? Hii picha imeingia asubuhi hii."

Picha ilikuwa giza tupu. Ya pili, giza. Kisha kompyuta ikalia, ting, ikaingia ya tatu, iliyopigwa kwa mwanga wa taa ya simu.

Ilionyesha sanda kwa upande wa ndani, na vidole vinne vilivyolowa maji vikifumua ule uzi wa bluu.