Mstari wa Chaki Mbele ya Moto

Jumapili, kwenye gulio la Tristán Narvaja, mtu hatembei, husukumwa. Noelia Arrillaga alikuwa akisukumwa hivyohivyo, chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu cha chai chungu mkononi, alipomvaa mwanamume aliyebeba ngozi ya ng'ombe begani. Chai yote ikaishia kwenye shati lake jeupe la kitani.

"Dada, kama ulitaka kunibatiza ungesema tu."

"Samahani kaka! Imekuunguza?"

"Mimi mpiga ngoma. Mimi na moto tunajuana."

Noelia akamtazama vizuri: mrefu, ndevu zimechongwa, macho ya utundu. Moyo ukamruka, na tuseme kweli, si kwa sababu ya kazi peke yake.

"Wewe ni Líber Silveira! Mtoto wa marehemu Dakta Aníbal, yule mwanafizikia. Wiki nzima nakupigia simu, unanikatia. Mimi ni Noelia, wa televisheni."

"Wa makala ile kuhusu baba yangu? Kwa sauti ile nilidhani una miaka sitini."

"Na mimi kwa ukaidi ule nilidhani una minane."

Líber akacheka bila kupenda. Wakanunua maandazi, wakala wamesimama ukutani, mafuta yakiwachuruzika vidoleni. Hapo ndipo alipomweleza kwa nini alikuwa akikata simu. Akiwa na miaka kumi na minne, jioni ya maandamano ya ngoma, aliisogeza ngoma yake, aliyoichora nyota nyekundu mwenyewe, karibu mno na moto wakati wa kuikaza ngozi. Ikapasuka mbele ya mtaa mzima. Baba yake akaokota ile ngozi, akasema, "Moto huujui," basi. Hakumwona baba yake kwenye maandamano hata mara moja tangu siku hiyo, mpaka mzee akafa.

"Alinidharau, Noelia. Unataka nikalilie hilo kwenye televisheni?"

"Nataka tukaulize alikuwa akifanya nini huko maabara miaka yote hiyo. Hutaki kujua?"

Alitaka. Alitaka kuliko kitu chochote, na Noelia aliliona hilo usoni mwake.

Kazi ikaanza, na mapenzi hayakusubiri kualikwa. Kila mchana Noelia alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Sina hamu ya chakula mpaka nikuone."

"Mwongo mkubwa! Nasikia unatafuna."

Lakini watu wa televisheni wana ugonjwa wao. Noelia alitangulia maabara kukagua mahali pa kuweka taa. Bibi Nélida, aliyemsaidia Dakta kwa miaka mingi, akamwonyesha mtambo wake: pete ya chuma iliyowambwa ngozi kuukuu yenye viraka, na chini yake taa ya kuipasha moto. Katikati ya ngozi palikuwa na nyota nyekundu iliyochorwa na mkono wa mtoto. Noelia akajua mara moja ni ngozi ya nani. Angeweza kumpigia Líber palepale. Hakumpigia. Alitaka kamera iudake uso wake akiiona kwa mara ya kwanza.

Siku ya kurekodi ilipofika, Líber alikuja amevaa koti la bluu la baba yake, limempwaya mabegani. Akaiona nyota. Akaigusa, akapapasa alama za kuungua zilizoizunguka.

"Ngoma yangu hii," akanong'ona. "Aliichukua akawa anaichoma."

Alipoinua macho akaiona kamera, imeshamwelekea yeye.

"Ulijua?"

"Líber, mpenzi, nilitaka tu..."

"Ulijua, ukanitegea! Kwako mimi ni mtu au picha?"

Akatoka kabla Bibi Nélida hajafungua kinywa. Noelia akapiga simu jioni ile na kesho yake na keshokutwa. Hazikupokelewa. Ofisini bosi wake alishangilia kwamba ile picha ni dhahabu tupu. Noelia akaifuta, na bosi akambwatukia mpaka sauti ikamkauka. Kisha Noelia akamfuata Bibi Nélida nyumbani kwake, wakaenda pamoja kumtafuta Líber.

Wapiga ngoma walikuwa wamewasha moto katikati ya barabara ya Isla de Flores, ngoma zimelazwa zikiuota. Kuzunguka moto palikuwa na mstari wa chaki, na hakuna ngoma iliyouvuka.

"Kamera umeificha wapi leo?" Líber akauliza bila kugeuka.

"Nimeiacha. Na ile picha nimeifuta. Nilikukosea, Líber. Nimekuja kuomba radhi, sina lingine."

"Mtagombana baadaye," Bibi Nélida akaingilia. "Wewe Waldemar, kiongozi wa kikundi, huu mstari nani alikufundisha?"

Waldemar akajikuna kichwa. "Niliapa nisiseme. Ni Dakta."

"Baba yangu?"

"Baba yako, mwanangu," Bibi Nélida akasema. "Kila ilipopasuka ngozi yako aliitia kiraka, akaipasha tena, akapima. Wataalamu wakubwa wa ng'ambo walimsifu kwa hesabu zile, wakatengenezea maputo ya anga. Yeye alitaka jibu moja tu: ngoma ikae umbali gani na moto isipasuke. Alipolipata alikuja hapa na chaki. Kusema samahani hakujua. Alijua hesabu."

"Mbona hakuja kunitazama?"

"Alikuja kila mwaka. Alijibanza pale konani nyuma ya watu. Aliogopa ukimwona utapoteza mapigo."

Líber akatazama ile kona. Kisha akapiga magoti barabarani, akailaza ngoma yake mstarini, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Noelia akamkumbatia kwa nyuma, na Líber hakuiondoa mikono yake.

Ngozi zilipokazika, Líber akasimama, akaigonga yake kwa kidole. Ngoma ikaitika kali, safi. Mtaa ukapiga vigelegele.

"Noelia! Kesho lete kamera. Baba yangu nitamsimulia mwenyewe, bila kuficha."

"Na leo?"

"Leo nauliza mbele ya watu wote hawa. Utakubali nikuoe?"

"Uliza kwa sauti! Yule mama wa ghorofani hajasikia."

"Nimesikia!" mama akapaza sauti toka dirishani. "Mkubalie upesi, ngozi zinapoa!"

"Nimekubali!" Noelia akapiga kelele, machozi na kicheko vikichanganyika. "Nimekubali, haya pigeni!"

Líber akautupa mkanda wa ngoma begani, akapiga pigo la kwanza, na ngoma zote zikamjibu.